Wavu wa kuopolea usionasa ndoano: mfanyabiashara abebe upi?

Anayevuka Busia, Mutukula au Sirari na mzigo wa zana za uvuvi anajua kuwa ndoano na uzi havimletei maneno mengi na mteja. Mteja anataja namba, anahesabu, analipa. Wavu wa kuopolea ni habari nyingine. Ni ule wavu mdogo wenye mpini na duara la chuma au alumini, ambao mvuvi huutia majini kumpokea samaki aliyekwisha kunaswa na ndoano, asije akachomoka ubavuni mwa mtumbwi. Dukani nyavu hizi zote hufanana. Zikifika majini, moja inampa mvuvi samaki wake, na nyingine inampa samaki, ndoano, uzi na robo saa ya kufumua.

Tofauti hiyo niliijua kwa mtaji wangu mwenyewe. Kabla sijaanza kuandika habari za biashara nilikuwa nikichukua zana za uvuvi kwenye maduka ya jumla upande wa Kenya na kuzipeleka mialo ya Uganda. Safari moja nilibeba nyavu 40 za kuopolea, za nailoni ya kijani yenye mafundo, kwa sababu zilikuwa za bei nafuu na zilionekana imara. Siku ya kwanza niliuza zaidi ya nusu. Niliporudi baada ya wiki tatu, mzee mmoja mwenye mitumbwi miwili akanitolea wavu alionunua kwangu. Katikati ya mfuko kulikuwa na tundu ambalo sato wa kilo moja angepita bila kugusa ukingo. Hakuna samaki aliyelitoboa. Mzee mwenyewe alikuwa akikata nyuzi kwa kisu, mmoja leo, mitatu kesho, kila ndoano iliponasa na giza likamnyima nafasi ya kuinasua taratibu. Hakunigombeza. Aliuweka wavu juu ya mzigo wangu, akarudi kwenye mtumbwi wake. Mwalo ule sikuuza wavu mwingine mwaka mzima.

Kwa nini ndoano hunasa

Uzi wa kawaida wa nailoni ni nyuzinyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Ncha kali ya ndoano huingia katikati ya nyuzinyuzi hizo kama sindano kwenye kitambaa. Kile kijino kinachoangalia nyuma, kilichowekwa ili samaki asichomoke, sasa kinafanya kazi ileile dhidi ya wavu: nyuzi zimeshapita, hazirudi. Ukivuta unakaza zaidi. Penye fundo ni pabaya kuliko pengine, kwa kuwa hapo nyuzi zimebanana na ncha ikishazama haina pa kugeukia.

Samaki naye hatulii. Akiingia mfukoni anajipinda, anageuka, anauviringisha wavu mwilini mwake na uzi wa ndoano nao unafuata. Kama ndoano ni ya ncha moja, tatizo ni moja. Kama ni ya ncha tatu, zile zinazofungwa kwenye chambo bandia cha mbao au plastiki, ncha moja inabaki mdomoni mwa samaki na mbili zinaukamata mfuko. Baadhi ya chambo hizo hubeba ndoano mbili au tatu za namna hiyo, yaani ncha sita hadi tisa zinazotafuta pa kushika.

Kwa wavuvi wa ndoano nyingi kuna jambo ambalo wauzaji wengi hatulifikirii. Kwenye kamba ndefu ya ndoano, ile inayoitwa migonzo upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, ndoano iliyo mdomoni mwa sangara mara nyingi siyo inayoleta balaa. Balaa ni ndoano inayofuata, ambayo haina kitu. Kamba kuu inapovutwa huja pamoja na vigwe vyake vyote, na wavu ukiingizwa majini karibu na kamba, ndoano tupu ya jirani inaudaka kutoka nje. Sasa mvuvi ana samaki mzito ndani ya mfuko, mfuko umeunganishwa na kamba kuu, na kamba kuu imefungwa jiwe chini. Ndoano ikichomoka ghafla chini ya mvutano huo inaruka, na kilicho karibu ni kiganja au uso. Wengi waliozoea kazi hii huvaa alama zake mikononi.

Mifuko ya aina nne

Sokoni kuna mifuko ya namna nne hivi, nayo ndiyo inayotakiwa kuamua bei unayokubali kulipa. Mpini na duara ni mambo ya baadaye.

Ya kwanza ni nailoni yenye mafundo, kama niliyobeba mimi. Ni rahisi, nyepesi, hupita majini bila kuzuiwa na huvumilia kazi. Kwa ndoano ni mtego.

Ya pili ni nailoni isiyo na mafundo, iliyofumwa mfululizo kwa mashine. Kwa samaki ni laini zaidi, haimchubui sana ule ute unaomkinga ngozi. Lakini mfanyabiashara asidanganyike na ulaini: ikiwa imefumwa kwa uzi mwembamba na macho madogo mno, mithili ya chandarua, ndoano ya ncha tatu huzama humo vibaya kuliko hata kwenye mafundo. Ya uzi mnene kidogo ina nafuu, basi.

Ya tatu ni nailoni iliyopakwa mpira au plastiki laini. Hapa ndipo biashara ilipo, na ndipo ulaghai ulipo pia. Ikiwa imepakwa sawasawa, uzi unakuwa na koti linaloziba nafasi kati ya nyuzinyuzi, kwa hiyo ncha huteleza badala ya kupenya. Uzito wake unabebeka na bei yake ni ya katikati. Ikiwa imepakwa juujuu, koti hupasuka kwenye makutano ya nyuzi baada ya jua la majuma machache, na ncha inapata mlango uleule wa zamani, tena sasa wenye kingo ngumu.

Ya nne ni mfuko wa mpira mtupu, au silikoni, uliomiminwa kwenye kalibu pasipo uzi wowote ndani. Huo ndio unaonasa ndoano kidogo kuliko yote. Ncha ikigusa huteleza. Ikichoma, hutoka kwa kuzungushwa kidogo, kwa kuwa hakuna nyuzinyuzi za kukishika kijino. Mfuko haunyonyi maji wala haubaki na harufu. Kasoro zake ni tatu na inafaa kumwambia mteja kabla hajazigundua: ni ghali, ni mzito mkononi, na hauendi haraka majini kwa sababu nyuzi zake nene huzuia maji. Kwenye mkondo wa mto unamchosha mtu. Tena ukubwa wa macho yake uuangalie. Mpira wenye macho mapana kama sanduku la kiberiti huipitisha ndoano nzima ya ncha tatu hadi nje, kisha ikageuka na kujifunga upande wa pili. Haikuchoma popote, lakini imenasa vilevile.

Umbo la mfuko nalo lina neno. Mfuko mrefu uliochongoka chini humfanya samaki aviringike ndani yake. Wenye kitako bapa humlaza, ndoano ikabaki juu inapoonekana. Kwa samaki wadogo na wa kati, kitako bapa ndicho cha kununua. Kwa sangara mkubwa, ambaye Kenya anaitwa mbuta, kina kinahitajika, la sivyo anapiga mkia mmoja na kutoka. Samaki huyu anaweza kufika karibu mita mbili na kilo 200. Wa namna hiyo hakuna wavu wa mpini utakaomwopoa, na mteja akikuuliza umwambie hivyohivyo.

Wateja si wamoja

Mzigo mmoja hauwezi kufaa kila mwalo, na kosa langu la nyavu 40 lilikuwa hasa hapo.

Mvuvi wa migonzo au wa mshipi kwenye Ziwa Victoria anatumia ndoano ya ncha moja, anafanya kazi usiku au alfajiri, na samaki wake anakwenda kwenye mizani. Huyo hahitaji mpira mtupu. Nailoni iliyopakwa vizuri, duara la wastani na mpini mfupi vinamtosha. Anachokulipa ni muda, kwa sababu barafu yake inayeyuka wakati yeye anafumua. Akikubali kutumia ndoano iliyopinda kama duara, ambayo ncha yake inaangalia shina lake, atakuta hata wavu wa kawaida haumsumbui sana, kwa kuwa ncha imejificha. Anayeuza ndoano na nyavu pamoja ana sababu nzuri ya kuzipanga ndoano hizo mbele ya kibanda.

Kundi la pili ni waongozaji wa watalii wanaovua kwa burudani: Murchison Falls na Jinja kwenye Nile, visiwa vya Ssese, kisiwa cha Rubondo upande wa Tanzania. Hao hutumia chambo bandia chenye ndoano za ncha tatu, na mara nyingi samaki anapigwa picha na kurudishwa majini akiwa hai. Hapa mpira mtupu ndio wavu, na bei yake inalipika. Wageni wengi wanaijua habari hii tangu kwao. Huko England kanuni za uvuvi wa maji baridi zinakataza nyavu za kuopolea zenye mafundo au za waya, kwa hiyo mgeni akiona wavu wa mafundo ndani ya boti aliyoilipia anauliza maswali. Mwongozaji haraka atamtafuta aliyemuuzia.

Mito ya baridi ya Aberdare na Mlima Kenya ina wavuvi wa trauti, samaki aliyeletwa na Waingereza na kutiwa katika mto Gura mwaka 1905. Wavu wao ni mdogo, wa mkono mmoja. Soko lenyewe ni dogo pia, silipendekezi kwa mtu mwenye mtaji mmoja.

Ziwa Tanganyika lina somo lake. Wazee wa pwani zake, kuanzia Kigoma hadi Bujumbura na Uvira, walivua dagaa usiku kwa lusenga, wavu mkubwa wa mpini wenye umbo la pia, mwanga wa moto ukiwavuta dagaa juu. Lusenga haukutani na ndoano, kwa hiyo macho madogo na uzi mwembamba ndiyo sifa yake. Mvuvi wa mshipi anayesaka kuhe au mgebuka kwenye ziwa hilohilo anahitaji kinyume chake. Mpini ni ule, duara ni lile, na anayeuza kwa kuangalia mpini na duara atamkosea mmoja wao.

Jaribio la dakika tano dukani

Usinunue katoni kwa kuangalia picha iliyobandikwa nje. Nenda na ndoano mbili zako, moja ya ncha moja na moja ya ncha tatu, kila moja na kijino chake, na kipande cha uzi. Omba wavu mmoja ufunguliwe. Uloweshe, kwa maana wavu mkavu na uliolowa havinasi sawasawa. Tia ndani kitu chenye uzito wa samaki wa kawaida, mfuko wa mchele wa kilo mbili unafaa, ukiwa umefungiwa ndoano pembeni. Utikise wavu mara kumi kama samaki anavyofanya, kisha utoe ndoano kwa mkono mmoja huku ukihesabu. Rudia mara tano. Muuza duka atacheka, mwache acheke. Ukihesabu zaidi ya kumi mara mbili au tatu kati ya tano, mteja wako atahesabu zaidi, maana yeye ataifanya kazi hiyo gizani, mtumbwi ukiyumba.

Kwa nyavu zilizopakwa, ongeza jaribio la ukucha. Bana makutano ya nyuzi mbili kati ya kidole gumba na cha shahada, ukwangue kwa ukucha. Koti likitoka kama ngozi ya kitunguu, rudisha. Kunja uzi mara kadhaa mahali pamoja na utazame kama kuna ufa mweupe. Halafu pitisha kidole mahali mfuko unapoungana na duara. Viwanda vingi huupaka mfuko na kuuacha mshono wa juu ukiwa nailoni tupu, na ndoano inapenda sana kujishika hapo samaki anapovuka ukingo. Wavu mzuri huwa na mshono uliofichwa ndani ya mfereji wa duara au uliofunikwa kwa mpira.

Mpini usikutese. Angalia kiungio chake na duara: kikiwa cha plastiki nyembamba kitavunjika kwanza. Mfundishe mteja kuwa samaki akishaingia mfukoni wavu hauinuliwi kama sepetu. Unavutwa hadi ubavuni mwa mtumbwi, unashikwa kwa duara, ndipo unapandishwa. Mipini mingi iliyopinda ingeishi kama wenyewe wangeambiwa hilo siku ya kununua.

Jambo jingine ambalo faida yake sikuiona mapema ni mifuko ya akiba. Duara na mpini hudumu, mfuko huchoka. Ukiagiza nyavu 20 na mifuko 30 ya vipimo vilevile, mteja anarudi kwako kwa bei ndogo badala ya kwenda kuanza upya kwa mwingine. Fundi yeyote wa kushona nyavu mwaloni anaufunga kwa saa moja. Duara lililovunjika nalo fundi wa kuchomelea wa mjini anaweza kulitengeneza kwa nondo nyembamba.

Mpira una adui wawili, jua na petroli. Mtumbwi wa mashine una vyote. Mfuko uliolowa petroli huvimba na kulegea, kwa hiyo mwambie mnunuzi asiutupe karibu na dumu la mafuta. Kwenye usafirishaji, mifuko ya mpira iliyobanwa ndani ya katoni juu ya keria la basi hugandana kwa joto. Vumbi kidogo la poda kati ya mfuko na mfuko linazuia. Upime pia uzito kabla ya kukubaliana nauli, maana katoni ya mpira si ya nailoni.

Mpakani

Nchi zote tatu za Ziwa Victoria zinakataza nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile za timba, na afisa anayefungua mzigo wako hana haja ya kukuamini kwa maneno. Baadhi ya mifuko ya kuopolea huwa mieupe, inang'aa, na ikikunjwa peke yake ndani ya gunia inafanana sana na bidhaa hiyo iliyopigwa marufuku. Ibebe ikiwa imefungwa kwenye madaara yake, angalau baadhi, na mifuko ya akiba ikae juu, isiwe chini ya mzigo kama kitu kinachofichwa. Kama unapanga kubeba kwa wingi, pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya unakokwenda.

Kwenye ankara usiandike neno "nyavu" peke yake. Katika orodha ya ushuru wa forodha ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nyavu za kuopolea zimo katika kichwa cha 95.07 pamoja na fito za kuvulia na ndoano. Nyavu za kuvulia zilizotengenezwa tayari ziko 56.08. Ni mafungu mawili tofauti, na ankara isiyosema wazi inamwachia afisa achague. Mwombe muuza jumla aandike wavu wa kuopolea wenye mpini, idadi yake na mfuko umetengenezwa kwa nini.

Wafanyabiashara wadogo wamezoea cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Kinasaidia bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wavu uliotoka China haugeuki kuwa wa Kenya kwa kupitia duka la Kisumu, na nyingi ya nyavu hizi zinatoka huko. Weka hesabu ya ushuru kwenye bei yako tangu mwanzo, au utauza mpira kwa bei ya nailoni bila kujijua.

Nyavu zangu za kijani zilizobaki, zile ambazo mwalo ulizikataa, zilikaa stoo karibu mwaka mzima. Mwishowe zilichukuliwa na watu wanaofuga sato kwenye vizimba ndani ya ziwa. Wao huchota samaki siku ya kuvuna, hawana ndoano hata moja. Miiba ya sato hukwama kidogo kwenye mafundo, lakini waliniambia hilo haliwasumbui, na wakauliza kama zipo za mpini mrefu zaidi.